Ombi la Mzee: mazungumzo ya kikundi cha familia, Kibosho, Kilimanjaro

Mama Neema (Kibosho), saa 1:40 jioni
Wapendwa, poleni na kazi. Nimesubiri nimalize kumgeuza Baba na kumbadilishia shuka ndipo niandike, kwa sababu jambo hili sikutaka kulisema kwa simu huku yeye akisikia. Leo mchana, nilipokuwa ninampa uji wa ulezi kwa kijiko, aliusukuma mkono wangu taratibu akaniambia, "Mwanangu, mwambie yule daktari anichome sindano ya kulala nisiamke tena." Nilidhani ni homa, nikampima, hakuwa na homa. Akarudia maneno yale yale. Tangu saratani ya tezi dume ilipoingia kwenye mifupa ya kiuno nimemsikia akilia na nimemsikia akisali, lakini sijawahi kumsikia akiomba kufa kwa mkono wa mtu. Naomba tulizungumze hili bila kukemeana.

Baba Elia (Arusha), saa 1:52 jioni
Shikamoo Dada, na pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mimi ni katekista na sina la kuficha: amri ya tano inasema usiue, na haikuweka kando wagonjwa. Uhai wa Baba hatukumpa sisi. Tumwombee, tumwite padre ampake mafuta, na ombi hilo tusilifikishe kwa daktari yeyote.

Ombeni (Toronto), saa 2:15 usiku
Shikamoo Dada, shikamoo Kaka. Kaka, naiheshimu imani yako, nami nimelelewa ndani yake, lakini naomba mnisikilize. Huku Kanada sheria inayomruhusu mgonjwa kusaidiwa kufa ilipitishwa mwezi Juni 2016, na mwaka 2021 ikapanuliwa hata kwa wale ambao kifo chao hakionekani kuwa karibu. Si jambo la mtu kuamka na kuchomwa sindano. Mgonjwa mwenyewe huandika ombi na kulitia saini mbele ya shahidi, kisha wataalamu wawili wasiotegemeana humpima kila mmoja kwa wakati wake, na anaweza kughairi hadi dakika ya mwisho. Mama mmoja tuliyefanya naye kazi miaka mingi alikuwa na saratani ya kongosho, akachagua siku yake. Watoto wake walikaa kitandani naye, wakaimba nyimbo za kwao, akafa akiwa amemshika mwanawe mdogo mkono. Nilihudhuria mazishi yake na sikuona mauaji pale. Baba amekuwa mwamuzi wa mambo yake miaka themanini na mitatu. Kwa nini jambo hili moja tu, ambalo linamhusu kuliko mtu mwingine yeyote, tumnyang'anye?

Neema (Dar es Salaam), saa 2:31 usiku
Shikamooni wote. Mjomba, nasema upande wa sheria tu, kwa kuwa ndiyo ninayoisomea. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama marehemu alikuwa tayari na ugonjwa ambao ungemuua, ikiwa kitendo chake kimekiharakisha kifo hicho. Kumsaidia mtu ajiue nalo ni kosa, na huruma ya aliyetenda hailiondoi. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Kwa hiyo hakuna daktari wa Moshi wala Arusha anayeweza kulipokea ombi la Babu, na atakayethubutu tutakuwa tumempeleka gerezani.

Baba Rashidi (Majengo, Moshi), saa 2:40 usiku
Shemeji, Mwenyezi Mungu ampunguzie Mzee mateso. Kwetu, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhara lililompata, na kama hana budi, basi aseme: Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni heri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni heri kwangu. Dua hii naipenda kwa sababu haimkaripii aliyechoka.

Upendo (Arusha), saa 3:05 usiku
Shikamoo Shangazi, na shikamooni wakubwa wote. Nimetoka zamu sasa hivi. Kabla hatujaendelea na sheria na dini, naomba Shangazi anijibu kama muuguzi anavyomuuliza mtu anayemtunza mgonjwa. Babu anapata mofini, ile dawa kali ya maumivu, kiasi gani, saa ngapi, na mara ya mwisho alikunywa lini?

Mama Neema (Kibosho), saa 3:20 usiku
Mwanangu, ilikwisha siku tisa zilizopita. Pale tunapoichukulia waliniambia haijaletwa na kwamba nirudi wiki ijayo. Nikarudi, nikaambiwa tena wiki ijayo. Tangu hapo ninampa vidonge vya kawaida vya maumivu. Hata ilipokuwepo, naungama, nilikuwa ninampa pale tu alipolia, kwa sababu jirani aliniambia kwamba dawa ile humfanya mtu kuwa teja na kwamba ikizoeleka haitamsaidia siku za mwisho.

Upendo (Arusha), saa 3:48 usiku
Shangazi, usijilaumu, maana ni wengi wanaoambiwa hivyo, na baadhi yao huambiwa na watu waliovaa koti jeupe. Ila naomba wote tuelewe kwamba Babu ameomba kufa akiwa siku ya tisa bila dawa, na mifupa iliyoingiwa na saratani ni miongoni mwa maumivu makali kabisa ninayoyajua.

Mofini ya maji haifanyi kazi vizuri ikingojea kilio. Nguvu yake hudumu kwa muda wa takriban saa nne, kwa hiyo hutolewa kwa saa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku, na dozi hiyo ya mwisho huwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Inapimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kudondoshwa mdomoni. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, hiyo ni kawaida. Atakosa choo, na hilo halizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iende nayo kila siku. Ikianzwa kidogo na kupandishwa taratibu haimuui mgonjwa, wala si dawa ya kuwekewa akiba ya siku za mwisho, kwa sababu maumivu yakizidi kipimo nacho hupandishwa. Majirani zetu wa Uganda tangu mwaka 2004 wanawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso ya mgonjwa asiyeweza kupona, kuiandika wenyewe, ili mgonjwa wa kijijini asife akimngojea daktari aliye mbali. Kesho asubuhi nitazungumza na wenzangu wa tiba shufaa nione chupa ya kwanza inapatikana wapi, kisha nipande Kibosho nayo mimi mwenyewe.

Ombeni (Toronto), saa 4:10 usiku
Asante sana Upendo. Hilo la siku tisa sikulijua na limenichoma. Lakini niseme ukweli wote, hata usioisaidia hoja yangu wala yenu. Jimbo la Oregon, Marekani, limekuwa na sheria kama hii tangu 1997, na serikali yake hutoa taarifa kila mwaka. Sababu ambazo wagonjwa huzitaja zaidi si maumivu. Wanataja kushindwa kujiamulia na kushindwa kufanya yale yaliyowapa furaha, na wengi wanataja pia hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa zao. Je, mofini ikifika na Baba akaendelea kuomba, tutamjibu nini?

Baba Elia (Arusha), saa 4:16 usiku
Tutamjibu kwamba tupo.

*Siku nne baadaye*

Mama Neema (Kibosho), saa 12:50 asubuhi
Wapendwa, Upendo alifika Jumatano jioni na chupa, akanionyesha jinsi ya kupima, akanichorea saa kwenye karatasi ambayo nimeibandika juu ya kitanda. Siku ya kwanza Baba alisinzia hadi nikaogopa. Jana alikunywa mtori nusu bakuli. Leo alfajiri, nilipompa dozi ya saa kumi na mbili, alifumbua macho yakiwa maangavu kabisa, akaniuliza neno moja ambalo limenifanya nikae chini jikoni na kulia: "Yule ng'ombe mmeshamuuza?"

Hakuna aliyemwambia habari za ng'ombe. Mtakumbuka Jumapili ile tulikaa ukumbini, Baba Elia na mimi na shemeji, tukahesabu gharama za gari la kumpeleka kuongezewa damu na kumrudisha, na damu, na dawa, na mmoja wetu akasema kwamba tukishamuuza ng'ombe kitakachofuata ni kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo. Dirisha la Baba linatazamana na mlango wa ukumbi na lilikuwa wazi. Hiyo ilikuwa Jumapili, na Jumanne akaomba sindano.

Ombeni mdogo wangu, nimeifikiria hoja yako usiku kucha, wala siidharau. Yule mama wa Toronto alichagua mbele ya watoto wake, akiwa na hospitali ambayo haikumuuliza fedha, na dawa ambayo haikukosekana hata siku moja. Ninakubali kwamba huo ulikuwa uamuzi wake. Lakini nikiitazama sheria hiyo ikija huku mlimani, ninamwona mzee ambaye dawa yake imekwisha siku tisa, aliyesikia kupitia dirishani kwamba shamba alilozikwa baba yake litauzwa kwa ajili yake, na ninajiuliza ni nani hasa aliyelitia ombi lile mdomoni mwake. Karatasi ingeonyesha saini yake, na wale wataalamu wawili wangemkuta ana akili timamu, kwa sababu anazo. Wangemuuliza kama amelazimishwa, naye angejibu hapana, na angekuwa anasema kweli kadiri anavyojua. Sisi watoto wake tungelia na kumshukuru kwa ujasiri, na ng'ombe angebaki zizini.

Hili ndilo linalonifanya nikatae, na nasema hivyo nikijua kwamba wapo wagonjwa ambao mofini haiwatoshi. Nilimuuliza Upendo, naye hakunificha.

Upendo (Arusha), saa 1:30 asubuhi
Ni kweli, wapo. Kwa hao, siku za mwisho, daktari anaweza kutoa dawa ya kumlaza kwa kipimo kinachotosha kuyazima mateso, lengo likiwa usingizi na si kifo. Chuoni tulisoma habari za Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akaja kuwa daktari, kisha mwaka 1967 akafungua London nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Wakati ule niliyaandika ili nijibu mtihani. Sasa ninaona kwamba ng'ombe wa Babu alikuwa ndani ya maumivu yake, na chupa yangu isingeweza kumfikia.

Mama Neema (Kibosho), saa 1:44 asubuhi
Kuna la pili alilosema, nalo ni zito. Amesema asibebwe tena kwenda kuongezewa damu. "Ile barabara inanivunja mifupa, nikirudi nguvu zinakaa siku tatu." Nilimuuliza kama bado anataka ile sindano. Alinyamaza, kisha akasema, "Nataka kukaa hapa."

Baba Elia (Arusha), saa 2:05 asubuhi
Dada, hapo ndipo ninapopata shida. Tukiacha kumpeleka, si tutakuwa tumefanya lile lile kwa mlango wa nyuma?

Upendo (Arusha), saa 2:20 asubuhi
Baba, nakuomba umuulize padre, lakini ninavyojua Kanisa lenyewe linatenganisha mambo hayo. Papa Pius XII mwaka 1957 aliwajibu madaktari kwamba inaruhusiwa kutuliza maumivu hata kama dawa inaweza kufupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine na kifo chenyewe sicho kinachokusudiwa. Tamko la Vatikani la mwaka 1980 likakataa kumuua mgonjwa kwa huruma, na humo humo likakubali mgonjwa anayekaribia kufa akatae tiba ambayo ingemwongezea tu siku chache za taabu. Asipokwenda kuongezewa damu, kitakachomchukua Babu ni saratani.

Ombeni (Toronto), saa 2:41 asubuhi
Dada, bado siamini kwamba ni haki kuwafungia mlango wale wanaouomba wakiwa huru kweli. Hilo sitabadilisha leo. Lakini kuhusu Baba umenishinda, kwa sababu hata mimi Jumapili ile nilikuwa kwenye simu, nami ndiye niliyesema kipande cha chini. Nitatuma fedha za dawa na za msichana wa kukusaidia usiku, kila mwezi, na naomba mumwambie leo hii kwamba ng'ombe hauzwi.

Baba Elia (Arusha), saa 3:02 asubuhi
Nimempigia padre, naye amesema kama alivyosema Upendo. Nitapanda Jumamosi ijayo na majani ya isale, niingie chumbani kwa Baba nikiyashika kama tulivyofundishwa, nimwombe radhi kwa maneno aliyoyasikia dirishani. Nawaombeni wote mliokuwepo siku ile mje, na shemeji pia.

Baba Rashidi (Majengo, Moshi), saa 3:10 asubuhi
Nitakuwepo, inshallah.

Mama Neema (Kibosho), saa 4:15 usiku
Nimemwambia habari ya ng'ombe. Hakujibu kitu, ila alitaka dirisha lifunguliwe amsikie akicheua. Nimempa ile dozi maradufu, amelala. Chupa imebaki robo tatu. Upendo, ya pili iwe imefika kabla ya Alhamisi.