Naomba ushauri: vumbi la mbao linakataa kushikana

Wakuu, habari za muda huu. Nina karakana ya kupasua mbao, na lundo la vumbi na maranda nyuma ya banda linazidi kukua. Likilowa linapata joto ndani kwa ndani hadi naogopa moto. Nimeamua kuligeuza vitofali vya kuni.

Nimepata mashine ya skrubu, ile yenye mrija unaopashwa joto kwa umeme. Nadharia naielewa: lignini iliyomo kwenye mti inalainika kwa joto na kuwa gundi yenyewe, hakuna haja ya wanga wala molasi. Lakini vinatoka vimepasuka, na mara mbili mvuke umerusha kipande kwa kishindo, tukakimbia wote. Nahisi ni unyevu. Nilikausha gramu 100 kwenye oveni, zikabaki 81, yaani unyevu asilimia 19. Umezidi sana, najua.

Sasa mnakaushaje kipindi cha mvua bila kuchoma kuni nyingi kuliko mnazotengeneza? Maranda niyasage kwanza? Vipande vya plaiwudi nimeviweka kando kwa sababu ya ile gundi. Sitaki moshi wake jikoni kwa mtu. Au naogopa bure?