Kipimamwendo cha pikapu kimekufa: dashibodi ya mtumba, kebo mpya, au simu?

Msafirishaji wa Kibamba
Habari za jioni wakuu. Nina pikapu ya zamani ninayobebea chakula cha kuku kutoka Kibaha hadi kwa wateja wangu wa Kimara na Mbezi, na tangu wiki iliyopita kipimamwendo chake hakisomi. Fundi mmoja amenishauri ninunue dashibodi nzima ya mtumba pale Ilala kwa shilingi 180,000, mwingine anasema kebo pekee, yaani ule waya unaotoka giaboksi hadi kwenye kipimamwendo, inatosha, na kijana wangu anataka nibandike simu kwenye kioo nitumie GPS. Jumamosi ninakwenda Iringa, na mnaijua njia ile kwa tochi zake za trafiki za kupima mwendo. Nichague lipi?

Geji na Nati
Mkuu, umetuletea bei kabla ya kutuletea ugonjwa. Ni gari gani na la mwaka gani? Linatumia kebo au sensa, yaani kifaa cha umeme kinachosoma mwendo? Mshale umelala kabisa au unachezacheza? Na la muhimu kuliko yote: namba za kilomita zinahesabu au zimesimama?

Msafirishaji wa Kibamba
Samahani, mkuu. Ni Hilux ya 1994, dizeli, yenye kebo. Mshale ulikuwa ukirukaruka kati ya 40 na 70 hata nikiwa kwenye mwendo mmoja, na Jumatatu ukalala moja kwa moja.

Geji na Nati
Na kilomita?

Satelaiti
Mimi ningeachana na mambo ya kebo. Simu yenye GPS inasoma mwendo halisi wa gari, haidanganywi na matairi wala haichakai meno. Nina mwaka wa tatu sijautazama mshale wangu.

Mama Wawili Tegeta
Ndugu yangu, usinunue dashibodi kabla hujajua kilichokufa, maana mimi nililipa ada ya somo hilo. Pikapu yangu ilikuwa na tatizo kama lako, mshale ukiwa umelala na kilomita zimesimama, na fundi niliyemwamini aliniambia bila hata kuingia chini ya gari kwamba "geji imeungua". Nikanunua dashibodi ya mtumba, akaifunga kuanzia asubuhi hadi alasiri, akavunja vishikizo viwili vya plastiki, na tulipotoka barabarani mshale haukunyanyuka hata kidogo. Akasema dashibodi niliyouziwa ni mbovu, tukairudisha, muuzaji akagoma, na mwishowe nikaongeza fedha ili nipewe nyingine, ambayo nayo haikufanya kazi. Ni fundi wa pili aliyechomoa kebo kwenye giaboksi na kunionyesha kile kigia cha plastiki kinachoizungusha: meno yalikuwa yamesagika upande mmoja kama muhindi uliotafunwa. Kigia kile hakikufika hata robo ya fedha nilizokwisha kupoteza. Uchungu haukuishia hapo, kwa sababu dashibodi ya mtumba ilikuja na kilomita zake, pungufu ya za gari langu kwa zaidi ya 90,000, na nilipotaka kuuza, mnunuzi alilinganisha na kumbukumbu za sevisi akaniona tapeli.

Mzee wa Spana
Mama amesema kweli, nami niongeze maelezo ili ndugu yetu asibahatishe. Katika geji ya kebo, namba za kilomita huzungushwa na gia zilizoungana na kebo yenyewe, ilhali mshale haujaungwa nayo. Kebo huzungusha sumaku iliyo ndani ya kikombe chepesi cha alumini, sumaku hukivuta kikombe kifuate, na springi nyembamba hukizuia kisifike mbali. Kwa hiyo mshale ukifa na kilomita zikaendelea kuhesabu, ugonjwa uko ndani ya geji. Vyote viwili vikifa kwa pamoja, mara nyingi ugonjwa uko kwenye kebo au kwenye kigia cha giaboksi. Kurukaruka kwa mshale kabla ya kufa ni dalili ya kebo iliyokauka grisi au iliyokunjwa.

Kupima ni rahisi. Chomoa kebo nyuma ya geji, kisha watu wawili walisukume gari taratibu gia ikiwa huru. Geji nyingi za Kijapani zimepangwa ili kebo izunguke mara 637 kwa kila kilomita, hivyo ndani ya mita mbili tu waya wa ndani utakuwa umezunguka zaidi ya mara moja. Usipozunguka, geji yako haina kosa.

Satelaiti
Yote haya kwa ajili ya mshale?

Geji na Nati
Kwa ajili ya mshale na kilomita. Simu haitakukumbusha lini ubadilishe oili. Tena kwa jua hili la Dar, simu iliyobandikwa kwenye kioo huchemka na kujizima kabla hujafika Chalinze.

Dereva wa Nyanda za Juu
Halafu ndani ya hifadhi ya Mikumi, penye 50 na faini za kugonga wanyama, mtandao husumbua.

Satelaiti
GPS haitegemei mnara wa simu, mkuu, inapokea mawimbi ya satelaiti. Tusichanganye mambo.

Tairi Pana
Kabla ya kubishana, mwulizeni amevaa matairi gani. Gari lililotoka na matairi ya 205R16 ukalivisha makubwa zaidi ya 265/70R16, geji husoma pungufu kwa kama asilimia 5, yaani ukiona 50 kijijini, tochi inaona 52 au 53.

Mzee wa Spana
Matairi hayalazi mshale, ndugu. Hilo ni suala jingine.

Msafirishaji wa Kibamba
Nimetoka kutazama: kilomita nazo zimesimama. Pia nilisahau kusema kwamba wiki mbili zilizopita giaboksi ilishushwa ili kubadilisha klachi.

Geji na Nati
Ungeanza na hilo! Giaboksi haishuki bila kebo kufunguliwa. Ama nati haikukazwa, ama kebo ilikunjwa wakati wa kurudisha.

Msafirishaji wa Kibamba
Nati imekazwa. Nimechomoa waya wa ndani kwa juu, umetoka mfupi na ncha yake imefumuka. Lakini umelowa oili hadi karibu na geji.

Mzee wa Spana
Waya umekatika, hilo halina ubishi. Ila oili hiyo imepanda kutoka giaboksi, kwa hiyo sili ya kigia, yaani mpira unaozuia oili isivuje, nayo imechoka, na ukifunga kebo mpya bila kuibadilisha, oili itaingia kwenye geji. Huenda imekwisha kuingia. Funga kipande cha waya huo wa zamani kwenye drili ya mwendo mdogo, uizungushe geji kwa upande ule ule inaozungushwa na gari, uone kama mshale unanyanyuka. Kebo mpya ipake grisi kidogo, na sehemu ya juu uiache kavu.

Mama Wawili Tegeta
Na kigia ukitoe ukitazame kwa macho yako mwenyewe.

Msafirishaji wa Kibamba
Drili nitaiazima kwa jirani seremala kesho. Mshale usiponyanyuka nitarudi hapa kuuliza habari za dashibodi.

Mgeni Mbagala
Wakuu, ya kwangu ni ya 2002, inatumia sensa, kilomita zinahesabu lakini mshale umelala. Nibadilishe sensa?

Geji na Nati
Kilomita zikihesabu, sensa inafanya kazi. Matairi yako ni saizi gani? Hapana, natania. Fungua mada yako.