Naomba ushauri: mzee wangu aliyepigana Kagera kaulizwa na mjukuu "uliua wangapi?"

Salaam wadau. Niko Tanga, Makorora. Baba mkubwa alipigana Vita vya Kagera, dhidi ya Uganda ya Idi Amin, alichukuliwa kutoka mgambo. Juzi barazani mjukuu wake wa darasa la sita akamuuliza: "Babu, uliua manduli wangapi?" Mzee akaacha kahawa na kashata zake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hata chakula anagusagusa tu.

Neno hilo nduli (yaani muuaji katili) mtoto kalitoa kwenye hotuba na nyimbo za 1978 zinazozunguka kwenye simu. Wakubwa mnakumbuka, Mwalimu alipotangaza tutampiga, redioni ikawa nduli asubuhi, nduli jioni. Sasa nduli alikuwa Amin, mtu mmoja, ila waliokutana nao porini ni askari wake. Mzee aliwahi kuniambia, mara moja tu, kuwa wa kwanza aliyemlenga alimwomba maji. Kwa Kiswahili! (Jeshi la Amin lilikitumia sana.) Hakunimalizia.

Nimesoma kwamba Mmarekani S.L.A. Marshall, mwandishi wa historia ya vita, aliandika mwaka 1947 kuwa askari wengi wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili hawakufyatua risasi hata adui akiwa mbele yao. Hesabu zake zimepingwa sana, lakini nilitamani kumgusia mzee asijione yuko peke yake. Au nitakuwa namtonesha kidonda?

Mama mkubwa anasema niyaache. Mliolelewa na wazee wa vita, mlianzaje mazungumzo? Na huyu mtoto nimwambie nini, maana ananiuliza kila siku kakosea wapi.