Tupeane uzoefu: themostati ya mashine ya vifaranga inapozima usiku wa baridi

Mama Kuku, Mafinga
Kamwene wadau. Naomba tukusanye visa vyetu hapa, maana msimu wa baridi ndio huu na najua siko peke yangu.

Mashine yangu ni ya mayai 96, ipo stoo. Usiku wa siku ya 12 niliamka saa nane kwenda kuchungulia. Kabla sijafungua mlango nikasikia tik, tik, tik. Themostati, kile kidude kinachopima joto na kuwasha au kuzima hita, inawaka, tarakimu zinafifia, inazima, inawaka tena. Umeme upo, taa ya stoo haichezi hata kidogo. Nikagusa yai: la baridi. Nilikaa chini pale pale nikalia, kwa sababu yale mayai niliyanunua kwa ada ya mtoto.

Asubuhi fundi akaniambia themostati imekufa, ninunue nyingine. Nikataka kumpa hela. Baba mmoja jirani akasema subiri mama, akaleta mita. Akapima adapta ikiwa peke yake: volti 12 kamili. Akaiunganisha na bodi ya themostati, akaipoza sensa ili bodi iwashe hita: volti 8. Adapta ndiyo iliyochoka. Bodi ikitaka kuwasha hita, rilei (swichi yake ya umeme) inavuta umeme, adapta inashindwa, kila kitu kinazima, rilei inaachia, adapta inapata nguvu tena. Ndiyo ile tik tik. Nilibadilisha adapta tu, themostati ni ile ile hadi leo.

Fundi wa Uyole
Dada, huyo jirani mshukuru sana. Wengi wanaleta kwangu themostati nzima kabisa. Pima umeme wakati mzigo, yaani vifaa vinavyotumia umeme huo, unafanya kazi, si wakati umelala. Betri nayo ni hivyo hivyo: ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.5 halafu ukiwasha mzigo inaporomoka hadi 10, hiyo haifai kuachiwa mayai usiku kucha.

Na kama ni ile bodi ndogo ya volti 12, ikiandika LLL usihangaike na betri. Sensa imechomoka au waya wake umekatika. Panya wanaupenda sana ule waya.

Kijana wa Tukuyu
Shikamooni. Mimi natumia sola na betri, na ninyi mnajua mvua ya Rungwe. Wiki nzima paneli haioni jua, betri haijai hata siku moja, halafu usiku baridi inaipunguzia nguvu zaidi. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikawa inalia kila ikifika saa saba usiku. Nikaongeza paneli ya pili, ikalia vile vile.

Siku moja nikashika klipu ya upande wa chanya, nikaungua kidole. Nilipoifungua, kichwa cha betri kimejaa unga mweupe wenye kijani kwa mbali, mgumu kama chokaa. Umeme ulikuwa unaishia pale pale kwa kugeuka joto. Nikakaza vizibo vya betri kwanza maji yasiingie ndani, nikaosha kwa maji ya moto yenye magadi, nikasugua kwa msasa, nikakaza nati, nikapaka grisi. Inveta haijalia tena usiku.

Makambako
Kwetu shida ni jioni. Watu wakiwasha majiko, umeme unashuka hadi volti 170, nimepima mwenyewe. Themostati inaonyesha hita imewaka, lakini joto linagota 35 halipandi. Hita ya wati 100 kwa volti 230, ukiipa 170 inatoa kama wati 55 tu. Nimeongeza hita ya pili na kuzungushia mashine blanketi, matundu ya hewa nimeyaacha wazi.

Bibi Mdogo, Mbeya mjini
Nyongeza ndogo. Mkitaka kuhakiki kipimajoto msitumie maji yanayochemka. Nilifanya hivyo, kikasoma 94, nikakitupa. Kumbe hapa tulipo, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na hapo. Tumia barafu inayoyeyuka, isome 0.

Mgeni, Ilula
Samahani wakubwa, nina haraka. Umeme ulikatika jana usiku masaa manne, mashine ikashuka hadi 29. Mayai yapo siku ya 10. Nitupe?

Fundi wa Uyole
Usitupe mdogo wangu! Mayai yanavumilia kupoa kuliko kuzidishiwa moto. Acha mashine ifungwe, irudishe 37.5, wala usipandishe hadi 40 ukidhani unafidia. Kesho usiku yapime kwa tochi gizani.

Mama Kuku, Mafinga
Ni kweli kabisa. Yangu yalipoa sijui kwa muda gani, na bado vifaranga 61 vilitoka, vingine vilichelewa hadi siku ya 22. Nilikaribia kuyafukia yote.

Mgeni, Ilula
Nimepima sasa hivi. Kati ya 48, manne yana duara la damu halafu kimya, yamekufa. Yaliyobaki mishipa imetanda, na katika lile la kwanza nililoshika kuna kitu cheusi kinajitikisa. Narudisha mfuniko. Asanteni sana.