Tela la jiko limenikimbia Karatu, na breki ya mkono ilikuwa imevutwa

MpishiWaPori (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na matela ya kambi. Mimi ni mpishi wa safari, gari siendeshi, lakini aliyeponea chupuchupu kulaliwa na tela ni mimi.

Juzi tulikuwa Karatu na wageni wanne, kambi iko ubavuni mwa kilima, nyasi fupi juu ya ule udongo mwekundu. Mvua ilipita saa tisa alasiri, nusu saa tu ikakatika. Tela letu ni la ekseli moja, tairi mbili kubwa kama za Land Cruiser, na nyuma lina droo mbili za kuvuta, moja ya friji na nyingine ya jiko la gesi. Likijaa maji, mitungi, mahema na chakula cha wiki linafika kilo 1,200. Dereva alilipandisha pua ikitazama mlimani ili mgongo wenye jiko utazame hema la kulia chakula. Hilo nilimwomba mimi mwenyewe, nimechoka kupandisha sufuria za supu. Akavuta breki ya mkono ya tela, akateremsha kigurudumu cha mbele, akalichomoa kwenye gari. Mimi nikaokota jiwe, nikalisukumia nyuma ya tairi ya kushoto. Gari likaondoka, wageni walitaka kuona mashamba ya kahawa.

Nikavuta droo ya friji mpaka ikalia "tak", nikavuta na ya jiko. Nikabandika supu ya maboga, nikainama kuchukua kitunguu kwenye kreti. Hapo nikasikia nyasi zinalia, sauti kama ya mtu anaburuta gunia polepole asiamshe watu. Kuinua kichwa, sufuria inanijia. Tela zima linakuja! Upande wa kushoto kwanza ulikuwa umesimama, wa kulia ndio unazunguka, pua ikawa inageukia kwenye choo. Halafu tairi ya kushoto nayo ikapanda jiwe, ikalivuka kama inavuka tuta barabarani, na hapo likashuka moja kwa moja. Niliruka kando na kisu mkononi, jambo ambalo hata shuleni tulikatazwa.

Lilikwenda hatua kama kumi na tano, likasimama kwenye kingo ya bustani ya maua. Supu chini. Kwenye trei la mayai 30 yalibaki manne, nilihesabu, sijui hata kwa nini nilihesabu.

Dereva anasema niligusa breki. Sikuigusa. Nilipoitazama baadaye, mkono wake ulikuwa bado umesimama pale pale alipouacha. Sasa naomba kueleweshwa: breki ilivutwa, jiwe lilikuwepo, tela limeondokaje? Jumatatu tunatoka tena siku sita, tutalala kambi ya Simba pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na wanaopajua wanajua ule uwanja ni nyasi tupu na umeinama. Sitaki kupika huku nageuza shingo kama swala.

---

UtingoMstaafu

Pole sana mwanangu. Nimekuwa utingo miaka tisa njia ya Dar kwenda Tunduma, mpaka mgongo ulipokataa. Lori likizima pale Kitonga usiku, anayegusa lami wa kwanza si dereva, ni utingo na kigogo chake. Kwa hiyo hapa umefika kwenye somo langu.

Jiwe lako lilikuwa na ukubwa gani? Na lilikuwa na umbo gani?

---

MpishiWaPori

Shikamoo mzee. Lilikuwa kama papai, yale madogo. Laini, la mtoni.

---

UtingoMstaafu

Marahaba. Papai! Mwanangu, jiwe la duara halizuii tairi, linaisubiri tu. Tairi ikilipata inafanya mambo mawili, ama inalisukuma mbele yake kwenye nyasi mbichi, ama inalipanda. Lako limefanya la pili.

Kinachotakiwa ni kabari. Tumbo bapa la kulala chini, mgongo ulioinama kuikumbatia tairi, na kimo kisipungue robo ya kimo cha tairi. Tazama ubavuni mwa tairi yako. Kama imeandikwa 265/75 R16, hiyo ina kimo cha sentimita 80, basi kabari iwe na sentimita 20. Vile vipande vya plastiki vyepesi vinavyouzwa viwili viwili, sawa, viweke kwenye sakafu ya gereji. Kwenye nyasi zenye umande vinateleza kama sabuni.

La pili, uliziba tairi moja. Tela la ekseli moja ukilizuia tairi moja umetengeneza bikari, ile ya kuchorea duara shuleni. Mguu mmoja umechomekwa, mwingine unazunguka. Ndiyo maana pua iligeukia kwenye choo. Kabari mbili kwa uchache, moja kila tairi, upande wa mteremko. Sisi tulibeba nne, kwa sababu macho yanadanganya. Mahali ambapo unaapa panashukia kusini, maji ukiyamwaga yanakwenda kaskazini.

Na la tatu, ambalo ndilo la kwanza: kabari inawekwa tela likiwa bado limeshikwa na gari. Weka kabari, mwambie dereva aachie breki ya gari polepole mpaka tela lenyewe lijiegemeze kwenye kabari na usikie limetulia, ndipo mguse kiungio cha tela na gari. Ninyi mlichomoa kwanza mkatafuta jiwe baadaye. Hapo katikati tela lilikuwa mikononi mwa Mungu.

---

Fundi_wa_Ngoma

Mzee amemaliza upande wa kabari. Mimi nataka kumwokoa mpishi kwenye kesi ya breki, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa hakuna mtu aliyeigusa.

Matela mengi ya aina hiyo yana breki ya kujisukuma. Gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, kiungio kinaingia ndani, kinavuta waya, viatu vya breki vinatanuka ndani ya ngoma, ile bakuli ya chuma inayozunguka na gurudumu. Safi. Tatizo linakuja ukitaka kurudi nyuma, maana ukirudisha gari kiungio kinasukumwa vilevile, na tela lingejifunga breki lenyewe. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka ujanja ndani ya ngoma: gurudumu likianza kuzunguka kinyume, kiatu kimoja kinalegea na kuliachia lipite.

Sasa fikiria breki ya mkono inayotumia viatu hivyo hivyo. Umeegesha pua juu, tela linataka kurudi nyuma. Umevuta mkono ukasikia mgumu, ukaridhika. Gurudumu likazunguka kidogo kinyume, ule ujanja ukafanya kazi yake, kiatu kikalegea. Ili breki ikamate tena, mkono unatakiwa upande juu zaidi. Kwenye matela mengine kuna springi au bomba la gesi linalouvuta wenyewe. Kama lako halina, au limechoka, au waya umerefuka, mkono unabaki pale pale ulipoachwa na tela linakwenda zake. Na mpishi kasema mwenyewe aliukuta pale pale.

Dawa: mkono uvutwe mpaka mwisho kabisa, karibu usimame wima. Kisha, gari likiwa bado limeunganishwa, rudi nyuma kidogo mpaka mhisi tela limeng'ata, vuteni tena kama mkono umepata nafasi. Halafu kabari. Na mpeleke waya ukakazwe kabla ya Jumatatu.

Hesabu kidogo, wanaodhani mtu anaweza kulishika kwa mkono wasome. Uwanja ukishuka mita 1 kila mita 10, jambo ambalo jicho linaliona kama tambarare yenye uvivu, tela la kilo 1,200 linavuta kuteremka kwa nguvu ya kama kilo 120. Likianza kutembea usilikimbilie. Ruka kando kama alivyofanya mpishi, ila kisu utupe.

Jambo jingine, mkirudi Arusha na tela likakaa miezi ya mvua bila safari, breki ya mkono iachieni, libaki kwenye kabari tu. Viatu vinashikana na ngoma kwa kutu, siku ya kutoka magurudumu yanaburuzwa.

---

TrelaLaikipia (Nanyuki)

Pole kaka. Mimi niko na trela karibu kama hiyo, napelekea wageni upande wa Laikipia. Hakuna mtu amegusa ile maneno ya droo, na mimi naona ndiyo iliamsha hiyo trela.

Ulisema ulivuta friji, ukavuta jiko, ukaweka sufuria. Hiyo yote ni uzito unaenda nyuma ya ekseli. Ile ya mbele inapungua, kigurudumu cha mbele kinabaki kugusa nyasi tu. Yangu siku moja iliinua pua kabisa, nikiwa nimesimama nyuma na kikombe cha chai. Kwa hivyo miguu ya nyuma, zile jeki za kona, ziteremshwe na zikazwe kabla ya kugusa droo yoyote. Chini ya kila mguu weka kipande cha ubao, kwa udongo uliolowa zinazama.

Lakini usiziamini zishike trela isitembee. Zinazuia kuyumba peke yake. Trela ikitembea zinapinda kama waya, nimenunua mbili mpya kwa sababu ya ujinga huo huo.

Na hicho kigurudumu cha mbele, chenyewe ni gurudumu! Watu wanasahau. Mimi nikishafika nakikalisha ndani ya kijishimo nilichochimba na jembe, ama naweka kigogo chini ya ule mkono wa mbele wa trela unaoshikana na gari, nateremsha mpaka ikae juu ya mti.

---

MswahiliColorado

Huku tunavuta nyumba zenye ekseli mbili, na kuna kile kibanio cha chuma chenye umbo la X kinachokazwa katikati ya tairi mbili zilizofuatana. Kizuri kwa kuzuia mtikisiko ukitembea ndani. Lakini jioni tairi zikipoa zinanywea kidogo na kibanio kinalegea, kwa hiyo kabari za chini bado ni lazima. Wewe una ekseli moja, haikuhusu, nimesema tu ili mtu asikuuzie.

Kitu kimoja: kama unataka tela likae sawa kushoto na kulia, ule ubao wa kupandishia tairi ya chini uupande KABLA ya kuweka kabari. Nimeona watu wanaweka kabari, wanagundua mayai yanaviringika kwenye sufuria, wanatoa kabari ili wapandishe ubao, na gari lilishaondoka.

---

MpishiWaPori

Nimerudi jana, naleta mrejesho.

Waya ulipelekwa kwa fundi Jumamosi. Ulikuwa umerefuka, na ile springi ya kuvuta mkono imekatika, kipande kiko chini ya bamba kimeota kutu, maana yake si cha juzi wala mwaka huu. Dereva alikitazama, akakizungusha kwenye kidole, akaniambia, "Haya, nimekuelewa." Kwake hiyo ndiyo samahani, nimeipokea.

Kabari nilichonga nne za mgrivea kutoka gogo lililokuwa nyuma ya nyumba, sentimita 20 kwa rula, mgongo nikaukwangua kwa tezo mpaka ukakaa kwenye tairi. Kila mbili nimezifunga kwa kamba ya manila nyekundu, na ncha ya kamba naifunga kwenye kiungio, ili mtu asiweze kuunganisha gari bila kuziona.

Pale Simba tulifika saa kumi, ukungu umeshashuka, nyasi zimelowa. Tulifanya kama mlivyosema, gari likiwa limeshika. Dereva alipoachia breki tela lilirudi nyuma kama upana wa kiganja, mkono wa breki ukapanda wenyewe, "krrr", nikausikia. Likajilaza kwenye kabari. Nikateremsha miguu ya nyuma juu ya mbao, nikasubiri dakika kama kumi hivi nikiosha mchele, ndipo nikavuta droo. Nilivuta nikiwa nimesimama ubavuni. Nadhani kusimama nyuma yake sitarudia tena.

Saa saba usiku tembo alikuja kwenye tangi la maji, wanaolala pale wanajua tabia hiyo. Nilimsikia anapita kati ya mahema na jiko, nikawa nawaza kabari zangu kuliko ninavyowaza roho yangu. Hakugusa. Asubuhi tulipoziangalia, zile za nyuma zilikuwa zimezama kwenye nyasi kama vidole viwili, tela halijasogea.

Tatizo limebaki moja. Siku ya tano kabari moja ilianza kupasuka kutoka kwenye ncha, ufa umefika katikati. Nimekosea kuchonga au ni mti?

---

UtingoMstaafu

Ni mti, na kidogo ni wewe. Mgrivea ni laini, wa kuni na wa mbao za dari. Tafuta mkaratusi uliokauka vizuri, uchonge nyuzi za mti zikifuata urefu wa kabari, zisikatishe. Halafu kabla hujaitumia, toboa ubavu kwa ubavu karibu na ile ncha nyembamba, pitisha bolti na washa pande zote mbili ukaze. Haitapasuka hata tela lilale juu yake mwezi mzima.

Hiyo yenye ufa igawe vipande viwili, kaviweke chini ya miguu ya nyuma.