Eti kwa GPA yangu hospitali nitaingia kama mgonjwa. Huyu mtu tumemkosea nini?

Dokta Mtarajiwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka sasa hivi kwenye ile ofisi ya ushauri kwa tunaotaka kusomea udaktari. Mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Simtaji jina. La nini? Ukisema "yule wa karanga", Waswahili wote mlioko masomoni hapa Marekani mnamjua, na ambao hamkupita kwake mmesimuliwa na waliopita. Mlango hafungi makusudi, ili ukitukanwa foleni nzima isikie.

Sasa sikilizeni. Nimeingia na transkripti yangu, imetulia kwenye faili, haina hata kona iliyokunjika. GPA, yaani wastani wa alama zangu zote, ni 2.8, na A tupu ni 4. Sawa, naijua, nalala nayo naamka nayo. Lakini miaka miwili ya mwisho ni A tupu wakuu, A tupu! Baiokemia A. Fiziolojia A. Yeye hakufika huko. Kaichukua karatasi kwa vidole vilevile vya karanga, kidole gumba kikashuka taratibu kwenye mwaka wa kwanza, kikaikuta ile D ya kemia, kikakaa hapo. Doa la mafuta limebaki, ninalo hapa mezani, ukiinua karatasi kwenye taa linaonekana mpaka upande wa pili. Akaniangalia juu ya miwani, akasema: "Kwa GPA hii hospitali utaingia, kijana. Ila kama mgonjwa."

Akacheka. Hakutabasamu, ALICHEKA, kile kicheko cha kupiga meza, maganda yakaruka. Dada wa mapokezi akacheka. Foleni ikacheka. Nina hakika hata kile kiunzi cha mifupa cha plastiki kinachosimama pale pembeni kilifungua taya.

Kama mgonjwa!!

Ndipo ananiambia barua ya kamati sipati. Kwa msiojua, vyuo vingi huku vina kamati inayokuandikia barua ya kukutambulisha kwa shule za udaktari, na vingine mwenye GPA ndogo anakatwa palepale nyumbani. Halafu ofisi inabandika ukutani kwamba karibu kila mwombaji wake amepata nafasi. Lazima wapate! Wengine wote umeshawafukuza kabla hawajaomba. Hata mimi ni kocha nisiyefungwa kama mechi ngumu sichezi.

Lakini hilo la barua nitapambana nalo. Kinachonichoma ni lile neno. Mgonjwa. Nimepanda basi nawaza mgonjwa, nimeshuka kituo siyo, nawaza mgonjwa. Angesema "hapana" tu ningeondoka zangu. Mtu analipwa mshahara wa ushauri, na ushauri wenyewe ndio huo?

Leteni maoni. Matusi myaelekeze kwake.

Sindano Butu

Siti ya mbele kabisa. Pole mkuu, ila "kama mgonjwa" jamaa ametisha. Nimeshaituma kwenye kundi la darasa.

Mzee wa Kikokotoo

Ngoja kwanza. Shahada tuseme ni krediti 120. Mara 2.8 unapata pointi 336. Nusu ya mwisho A tupu ni pointi 240. Zinabaki 96 kwa krediti 60 za mwanzo, yaani 1.6. Mkuu, ile miaka miwili ulikuwa unasoma au ulikuwa unalinda jengo? Kwa 1.6 ulinusurika kudisko.

Dokta Mtarajiwa

Wewe nani alikuita na kikokotoo chako? A tupu ni namna ya kusema, B mbili tatu zimo. Mada ni MGONJWA.

Kunguru Mwoga

Uzi umeuawa ukurasa wa kwanza. Marehemu alikuwa na 1.6.

Shangazi wa Maabara

Mdogo wangu, kunywa maji kwanza. Yule mimi aliniambia nitafute mume, leo niko mwaka wa tatu wa udaktari na mume sijampata. Barua ya kamati si kila shule inailazimisha, nyingi zinapokea barua za walimu wako wa sayansi, ukieleza kwa nini ya kamati huna. Ila usijidanganye kwenye hesabu. AMCAS (mfumo wa kuombea shule nyingi za MD, shahada ya kawaida ya udaktari huku) inahesabu kila jaribio, F ya zamani na A ya kurudia zote zinakaa mezani. Ukiongeza krediti 30 za A tupu (za kweli, siyo za namna ya kusema) juu ya hiyo 2.8 unafika 3.04, basi. Uzamili nao hauinui hiyo namba, GPA yake inaandikwa kwenye mstari wake pekee. Na wanaoingia MD wastani wao ni 3.7 na ushee. Kwa hiyo kwako wataangalia mwelekeo, ulianzia wapi na unaishia wapi, pamoja na MCAT, ule mtihani wa kuingilia shule za udaktari. Kama ungekuwa mkazi wa Texas na uchafu wako una zaidi ya miaka 10, kule kuna sheria ya kuanza upya kwenye vyuo vya umma, wanaweka pembeni kila ulichosoma kipindi hicho. Lakini na A zako za zamani zinakwenda na maji, hawachagui. Huyo wa karanga hakukwambia hata moja kati ya haya?

Dokta Mtarajiwa

Hakuniambia, alikuwa anacheka.

Sindano Butu

Gazeti. Weka aya, shangazi.

Shangazi wa Maabara

Aya utazikuta kwenye barua yako ya kukataliwa.

Nimechoka Mapema

Mnamlilia huyu? Nililieni mimi. Zamani ukiomba vyuo vya DO (shahada ile nyingine ya udaktari huku, ya osteopathia), somo ukilirudia alama mpya inafuta ya zamani. Nikajifunga mkanda nikarudia kila nilichoanguka, usiku kazini, asubuhi maabara nasinzia juu ya bureti. Ikafika 2017 hiyo sheria ikaondolewa, kila jaribio likaanza kuhesabiwa. F zangu zote nilizozika zikafufuka siku moja. Wewe umeitwa mgonjwa, mimi naishi na mizimu.

Dokta Mtarajiwa

Pole sana. Lakini kuna mtu alikucheka na karanga mdomoni?

Nimechoka Mapema

Afadhali angenicheka. Mimi nililetewa barua pepe ya "Mpendwa Mwombaji".

Kunguru Mwoga

DO si wale wa kuchua migongo?

Shangazi wa Maabara

Tangu 2020 MD na DO wanagombea nafasi zilezile za mafunzo ya ubingwa, chini ya ithibati moja. Chua ulimi wako kwanza.

Bi Kizibo

Kuhusu MCAT mliyoitaja juu juu huko. Kikao kizima, mapumziko yakiwemo, ni kama saa saba na nusu. Jirani yangu alikuwa na mafua. Kila nikianza kusoma kifungu, anavuta. Nakamata hoja ya mwandishi, anavuta. Mizani inaanzia 472 inaishia 528, na yangu ukiiona utajua kabisa hii ni alama ya kamasi za mtu mwingine. Hakuna aliyenipa pole mpaka leo.

Mzee wa Kikokotoo

Si wanatoa vya kuzibia masikio?

Bi Kizibo

Nilivaa. Zile zilikuwa zinapenya. Halafu jina langu mnaliona, nilijipa baada ya siku hiyo.

Nimechoka Mapema

Urudie basi.

Bi Kizibo

Kurudia kwenyewe kuna kikomo, mara tatu kwa mwaka mmoja, nne kwa miaka miwili, saba mpaka kufa. Nazitunza kama risasi za mwisho, na alama zote shule wanaziona. Kwa hiyo kamasi zitanifuata mpaka kwenye usaili.

Dokta Mtarajiwa

Wakuu, tusitoke nje ya mada. KAMA MGONJWA. Mbele ya foleni. Nimejaribu kulifuta lile doa kwa tishu, limesambaa, sasa limefika kwenye A ya baiokemia. Kuna anayejua pa kumlalamikia mtu wa aina hii?

Mzee wa Kikokotoo

Transkripti rasmi chuo kinaituma chenyewe moja kwa moja, hiyo nakala yako fungia vitumbua. Kuna mwingine ana GPA nimpigie hesabu?

Sindano Butu

Mimi sina shida na washauri, shida yangu ni ndugu. Sijaomba hata shule moja, ukoo mzima unaniita daktari. Jana usiku wa manane mjomba katuma picha ya kidole cha mguu. Hakuna salamu, hakuna maelezo, kidole tu kimejaa kioo kizima.

Bi Kizibo

Shukuru ni kidole. Mama mkubwa alinitumia picha ya choo. Yaani sampuli, kwenye kikombe. Na kikombe chenyewe nakifahamu.

Kunguru Mwoga

Kikombe cha wageni?

Bi Kizibo

Chenye maua.

Nimechoka Mapema

Kwetu wananiita daktari mbele za watu ili nione aibu ya kuacha. Mama kaweka kabisa kwenye kadi za harusi ya dada, "Dkt." mbele ya jina langu. Nilipomwambia afute akasema kadi zimeshachapwa, niwahi kuhitimu.

Dokta Mtarajiwa

Anzisheni uzi wenu wa ndugu jamani.

Mzee wa Kikokotoo

Sindano, hicho kidole kina rangi gani?

Sindano Butu

Zambarau pembeni, katikati kama kinaelekea weusi. Anasema hakimuumi.

Shangazi wa Maabara

Mjomba ana sukari?

Sindano Butu

Anayo, ila dawa anakunywa akikumbuka.

Shangazi wa Maabara

Kidole cheusi kwa mtu wa sukari halafu hakiumi, hiyo si habari njema. Mpigie sasa hivi aende hospitali leo, asingoje wewe uhitimu.

Sindano Butu

Nampigia. Hapokei, nampigia shangazi mkubwa.

Kunguru Mwoga

Shangazi wa Maabara, na mimi nina ukucha umegeuka kijani, nikutumie picha inbox?

Shangazi wa Maabara

Anayenitumia ukucha namfungia.