Ukiomba mapato na matumizi ya kijiji chako, unageuzwa mtuhumiwa

Wakuu, nakuja na malalamiko na sitaki kuyapamba. Mtanivumilia nikipandisha sauti.

Kijijini kwetu tumejenga boma la zahanati kwa nguvu zetu. Kila kaya ilitoa fedha, vijana tukasomba mawe na mchanga, akina mama wakabeba maji ya kujengea. Boma likapanda mpaka kwenye lenta, halafu kimya. Ukiuliza unaambiwa fedha zimekwisha. Sawa, fedha huisha, hilo sibishani nalo. Ninachotaka ni karatasi: ziliingia shilingi ngapi, zilitoka ngapi, saruji ilipokelewa mifuko mingapi na nani alisaini kuipokea. Hayo tu. Sijaomba mipango ya vita.

Mtendaji wa kijiji akaniangalia juu mpaka chini. "Unataka ya nini?" Nikamwambia mimi ni mkazi na nimechangia. "Umetumwa na nani?" Sijatumwa. "Au unautaka uenyekiti?" Bwana, uchaguzi wa serikali za mitaa tumeshamaliza Novemba 2024, uenyekiti nautakia nini leo? Mwisho akasema taarifa hizo hazipo hapo, zilipelekwa kata.

Sasa sikieni kinachoniuma. Siku nikiwa pale ofisini, alikuja mzee mmoja jirani yangu kufuata barua ya utambulisho wa mwanawe. Mtendaji akafungua droo, akatoa daftari la kaunta lenye jalada gumu, limechorwa mistari kwa rula, majina ya kaya yote kitongoji kwa kitongoji. Kidole kikashuka mpaka jina la mzee. "Mzee wangu, wewe unadaiwa elfu tano ya zahanati. Lipa kwanza." Hakutafuta hata dakika! Kumbukumbu za anayedaiwa ziko droo ya juu kabisa, safi, zimehuishwa mpaka wiki hiyo. Kumbukumbu za fedha zilizokwishalipwa ndizo "zilipelekwa kata". Halafu mniambie tatizo ni ukosefu wa makabati.

Kata nikaambiwa taarifa za michango hukaa kijijini, labda niende halmashauri. Nikapanda gari mpaka mjini, nauli yangu mwenyewe, nikaandika barua kwa Mkurugenzi nikaipeleka masijala. Dada wa masijala akaisoma yote, akainua macho: "Kaka, wewe ni mwandishi wa habari?" Nikasema mimi ni mkulima. Akaniambia barua ina upungufu, sijaandika kumbukumbu namba ya faili. Mimi nitaijuaje namba ya faili lililo ndani ya kabati lenu? Nyie ndio mliolifungua, nyie ndio mliolipa namba! Nilipong'ang'ania akaipokea, na muhuri kwenye nakala yangu alinigongea baada ya mabishano. Nawaambia ndugu zangu, msikubali kuondoka masijala bila nakala yenye muhuri na tarehe, maana niliporudi kufuatilia jibu likawa barua haionekani. Nilipotoa nakala, ghafla ikaonekana, iko "mezani kwa mhusika". Mhusika naye yuko semina. Akirudi semina, ana kikao. Akitoka kikaoni, amesafiri kwenda Dodoma.

Na hii si hisani tunayoomba. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Juu yake kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Sheria hiyo inamtaka mwombaji aandike jina lake, anwani yake, na maelezo ya kutosha ili taarifa itambulike. Haijamtaka aeleze ametumwa na nani. Kila ofisi ya umma inatakiwa iwe na ofisa wa kushughulikia maombi haya, na jibu litoke ndani ya siku 30. Nilipomuuliza mtumishi mmoja pale ofisa huyo ni nani, akaniuliza kama namaanisha yule wa kupiga picha za Mkurugenzi.

Ndiyo, sheria imeweka mambo yasiyotolewa: usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, siri za watu binafsi na mengine ya namna hiyo. Naomba mwanasheria yeyote humu anionyeshe idadi ya mifuko ya saruji ya zahanati inaingia kwenye kipengele kipi.

Wengine mtasema zahanati haina nyaraka za maana, ni mambo ya kienyeji. Si kweli. Miradi hii inajengwa kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkubwa, jamii yenyewe inaunda kamati, moja inanunua, nyingine inapokea vifaa, nyingine inasimamia ujenzi. Utaratibu huo unazaa karatasi kila hatua. Kuna muhtasari wa kikao kilichochagua duka, kuna risiti, kuna hati ya kupokelea vifaa, kuna leja ya stoo inayoonyesha kilichoingia na kilichotoka, kuna mkataba wa fundi. Kwa hiyo wanaposema hazipo, mawili: ama zipo na zinafichwa, ama hazikuandikwa kabisa na fedha zimeliwa mchana kweupe. Hakuna la tatu.

Afadhali basi mikutano ingefanyika. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na sisi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea ndio wajumbe wake. Pale ndipo mapato na matumizi yanaposomwa, yanahojiwa, yanakubaliwa au yanakataliwa. Kwetu mkutano unaitishwa akija mgeni. Tunapanga viti, tunaimba, mgeni anahutubia, anapiga picha na boma letu, anaondoka. Mwenyekiti anasema agenda ya mapato na matumizi tutaisoma mkutano ujao kwa sababu ya muda. Mkutano ujao anakuja mgeni mwingine.

Ubao wa matangazo ndiyo kichekesho kamili. Upo, una kioo na kufuli, na ufunguo hajulikani anao nani. Ndani kuna karatasi ya mapato na matumizi, naam, ila jua limeifuta mpaka tarakimu hazisomeki, na juu yake mtu kabandika tangazo la mashine ya kukoboa inayouzwa. Nikauliza wamelibandikaje hilo wakati ufunguo haupo, nikaitwa mchochezi. Tovuti ya halmashauri nayo nimeingia. Habari za ziara zimejaa, ukibonyeza sehemu ya taarifa za fedha unapata ukurasa mtupu.

Kuna mtu ataniambia nisubiri ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Naiheshimu kazi ile, na kila mwaka ripoti ya serikali za mitaa inataja malipo yasiyo na hati za kuthibitisha, kisha LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inawaita wakurugenzi na kuwahoji. Lakini CAG anakagua hesabu za halmashauri nzima kwa sampuli. Elfu ishirini ya mama yangu na trela za mchanga tulizosomba hazitafika kwenye jedwali lake. Mkaguzi wa hizo ni sisi, na ndiyo maana tunanyimwa daftari.

Na ukinyimwa uende wapi? Hapa ndipo sheria yenyewe inaponikera. Unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Kwa halmashauri, mkuu wa taasisi ni Mkurugenzi, yule yule ambaye barua ilielekezwa kwake na ofisi yake ndiyo iliyokaa kimya. Nimlalamikie yeye kuhusu yeye. Akikataa, unapanda kwa Waziri. Mtu wa kijijini, kwa ajili ya leja ya stoo ya zahanati, aandikie Waziri! Wenzetu Kenya nao walitunga sheria yao mwaka huo huo wa 2016, wakaweka siku 21, na ukinyimwa unakwenda kwenye tume inayojitegemea, ile wanayoiita Ombudsman. Sisemi kwao ni peponi, najua nao wanalia. Ila angalau anayekusikiliza si aliyekunyima.

Kwa wale mtakaokuja na "ungemwona mwenyekiti mkaongea kiutu uzima": nimemwona. Ni baba yangu mdogo. Aliniambia kwa upole kabisa, mwanangu, achana na mambo hayo, utaharibu uhusiano na watu wa wilayani na fedha za kumalizia boma hazitaletwa. Yaani tunatishwa na zahanati ambayo hatuna. Mpaka sasa mjamzito wa kwetu anapakiwa kwenye bodaboda usiku kwenda kituo cha afya cha kata ya pili, na mvua zikinyesha ile korongo haipitiki.

Nimeandika barua nyingine. Safari hii nimeomba nyaraka moja moja kwa jina: leja ya stoo, hati za mapokezi, muhtasari wa mkutano uliopitisha mchango, na vitabu vya stakabadhi vilivyotumika kukusanya. Nimewataka wanijibu kwa maandishi hata kama jibu ni hapana. Majirani waliochangia wamesaini chini yangu, ili swali la "umetumwa na nani" liwe na jibu.

Ninachoomba humu ni kimoja. Kama kuna aliyewahi kuomba mapitio kwa Mkurugenzi au kufika mpaka kwa Waziri na akajibiwa, aweke hapa alivyoiandika barua yake, afute majina. Na watumishi wa halmashauri mliomo humu, msinitumie ujumbe wa chini kwa chini kunishauri ninyamaze. Niambieni vitabu vya stakabadhi vya kijiji vikijaa hurudishwa kwa nani, ili nijue mlango wa kugonga.